Jengo Linalosema "Niamini": Tujifunze Kusoma Benki ya Zamani



Somo la jarida hili limetoka kwa mtoto. Jumamosi moja tulikuwa tukijifunza majina ya mahali: soko, posta, hospitali, benki. Nilipofika kwenye benki, nilichora ubaoni kama nilivyoijua tangu utotoni: ngazi, nguzo nne na mlango mkubwa. Binti mmoja wa darasa la wadogo akainua mkono. "Mwalimu, hiyo si benki. Benki iko kwenye simu ya mama." Darasa zima likacheka. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kama pesa ni karatasi tu, kwa nini walijenga nyumba kubwa hivyo?"

Nilimwahidi kwamba tutalitafuta jibu pamoja. Wakati wa likizo fupi tukafunga safari: watoto 14, wazazi 5, na bibi mmoja na fimbo yake. Tulipanda treni ya Elizabeth hapa Southall, na kwa muda usiofika nusu saa tukashuka Liverpool Street bila kubadilisha treni. Tukatembea kidogo kuelekea kusini kwenye barabara ya Bishopsgate, tukasimama mbele ya jengo liitwalo Gibson Hall. Leo nataka tulisome jengo hilo. Nimesema "tulisome" kwa makusudi. Jengo halina herufi, lakini linasema. Ukijua kulisoma, hutatishwa nalo wala hutadanganywa nalo.

SEHEMU YA KWANZA: TULITAZAME

Jengo hili lilijengwa mwaka 1864 na 1865, Malkia Victoria akiwa kwenye kiti. Mwenye jengo alikuwa benki iliyoitwa National Provincial Bank of England. Mchoraji wa ramani zake alikuwa John Gibson, aliyejifunza kazi kwa Charles Barry, yule aliyechora jengo la Bunge la Uingereza mnaloliona kando ya mto Thames. Gibson aliichorea benki hii matawi mengi katika miji mbalimbali ya Uingereza, lakini hili la Bishopsgate ndilo linalobeba jina lake hadi leo.

Tuanze chini, twende juu.

Jiwe. Kuta za mbele ni za mawe ya Portland, yanayochimbwa kusini mwa Uingereza. Ndiyo mawe yaliyojenga kanisa kuu la St Paul's. Ukiyatazama kwa karibu, mara nyingi utaona vipande vya kombe, maana mawe haya yalifanyika chini ya bahari zamani sana. Bibi yetu alipogusa ukuta alisema, "Kumbe ni kama matumbawe ya kwetu." Hakukosea. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo yalifanyika baharini. Mafundi wa huku na mafundi wa kule wote walichimba chokaa ya bahari wakaifanya nyumba.

Nguzo. Mbele pamesimama safu ya nguzo ndefu, na juu ya kila nguzo kuna taji la majani yaliyochongwa. Mtindo huo unaitwa wa Korintho, jina la mji wa Wagiriki wa kale. Sasa tazameni vizuri: nguzo hizi hazikusimama peke yake. Zimeshikamana na ukuta, kama mtu aliyeegemea. Kazi kubwa ya kubeba jengo inafanywa na ukuta wenyewe. Nguzo zipo zaidi kwa ajili ya macho yetu. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Madirisha na michongo. Katikati ya nguzo kuna madirisha makubwa yenye tao juu. Juu yake kuna mabamba ya mawe yenye watu waliochongwa. Mchongaji wake alikuwa John Hancock. Michongo hiyo inaonyesha kazi za watu: sanaa, biashara, sayansi, viwanda, kilimo na ubaharia. Ni kama benki inasema, "Kazi zote hizi zinapita mikononi mwangu."

Sanamu. Inua shingo utazame ukingo wa paa. Kuna sanamu zimesimama kwa mstari. Zinawakilisha mahali benki ilipofanya kazi, kama vile Manchester, Birmingham na Wales. Benki hii ilikuwa ya mikoani, ndiyo maana ikaiweka mikoa juu ya kichwa chake.

Paa. Hapa watoto waligundua wenyewe. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, mbona ni fupi?" Ni kweli. Jengo hili halina ghorofa juu, ni ukumbi mmoja mrefu kwenda juu. Nyuma yake umesimama mnara wa mita 183, uliojengwa na benki iliyorithi kazi za hii. Katika mtaa ambao kila kipande cha ardhi kilikuwa ghali hata wakati ule, kujenga ukumbi mtupu bila ghorofa za kupangisha kulikuwa ni kujionyesha. Lakini kulikuwa na faida pia. Kwa kuwa hakuna ghorofa juu, mwanga uliingizwa kutoka darini kupitia kuba za vioo. Makarani waliandika kwa wino na kuhesabu sarafu kwa mkono. Bila mwanga mzuri, makosa yangekuwa mengi.

Leo ukumbi huo si benki tena. Hukodishwa kwa harusi na karamu, na jengo limewekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria. Hatukuingia ndani siku ile. Tulilisoma tukiwa barabarani, kama walivyolisoma wapita njia wengi wa mwaka 1866.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI KAMA HEKALU?

Sasa turudi kwa swali la binti yetu. Kwa nini nyumba kubwa hivyo?

Kwanza, sura hii imetoka wapi? Imetoka kwenye mahekalu ya Wagiriki na Warumi. Watu hao wa kale waliweka hazina zao mahekaluni, kwa sababu waliamini hakuna mwizi atakayethubutu kuiba mbele ya miungu. Pale Roma, hazina ya dola ilihifadhiwa katika hekalu la Saturno. Sarafu zilifuliwa karibu na hekalu la Juno Moneta, na kutokana na jina hilo la Moneta Waingereza wakapata neno lao la pesa. Kwa hiyo mtu aliyesoma aliyeona nguzo za Bishopsgate alielewa mara moja: hapa pana hazina.

Pili, benki hii ilikuwa na sababu yake ya pekee. Ilianzishwa mwaka 1833. Siku zile benki za mikoani zilichapa noti zao wenyewe, na sheria ilizikataza benki za namna hiyo zisitoe noti karibu na London, ndani ya maili 65. National Provincial ilitaka kuendelea kutoa noti zake mikoani. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa na ofisi kuu London lakini haikumhudumia mteja wa London hata mmoja. Hatimaye iliamua kuacha kutoa noti, na mwanzoni mwa mwaka 1866 ikafungua mlango wake Bishopsgate. Ilikuwa mgeni mjini. Mgeni huvaa vizuri siku ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni ile karatasi. Mtoto ameuliza kweli: pesa ni karatasi tu. Mchukue mzazi noti ya pauni 5 au 10 mwisome pamoja. Juu yake Benki Kuu ya Uingereza inaahidi kumlipa mwenye noti thamani yake. Noti ni ahadi. Ukiweka pesa benki, unamwachia mtu usiyemjua jasho lako, naye anakuahidi kwamba utalikuta. Utamwamini vipi? Mwaka 1866 mtu hakuweza kutafuta habari za benki kwenye simu. Alikuwa na macho yake na masikio yake. Ndiyo maana benki zikajenga kuta nene. Ukuta ulisema, "Sitahama usiku. Nitakuwepo kesho. Niamini."

SEHEMU YA TATU: UKOO WA NENO

Hapa tufanye Kiswahili kidogo. Tazameni maneno haya: amini, imani, amana, uaminifu, amani. Yote ni ya ukoo mmoja. Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, na ndani yake zimo herufi zilezile: a, m, n.

Amini ni kukubali moyoni kwamba mtu au jambo ni la kweli.
Imani ni kule kuamini kwenyewe.
Amana ni kitu ulichomwachia mtu akutunzie, nawe utakidai.
Uaminifu ni tabia ya mtu anayerudisha amana.
Amani ni utulivu unaoupata mambo yakiwa salama.

Ukiweka pesa benki, umeweka amana. Ukirudishiwa, hapo pana uaminifu. Ukilala usingizi bila wasiwasi, hiyo ni amani. Somo zima la benki limo katika maneno matano.

Na neno "benki" je? Lilitufikia kupitia Kiingereza, lakini mzizi wake ni Kiitaliano, na maana yake ya kwanza ilikuwa benchi. Wabadilisha fedha wa Italia walikaa sokoni nyuma ya benchi, na juu ya benchi hilo wakahesabu sarafu. Basi kabla ya kuwa nguzo na kuba, benki ilikuwa kiti cha ubao. Sisi wa pwani tunakijua kiti cha namna hiyo. Kwetu kinaitwa baraza, na ni cha mawe, kimejengewa ukutani nje ya nyumba.

SEHEMU YA NNE: MIEZI MINNE BAADAYE

Sasa nawapa kisa cha kweli. Jengo letu la Bishopsgate lilianza kupokea wateja mwanzoni mwa mwaka 1866. Mwezi wa Mei mwaka uleule, hatua chache kutoka hapo, kwenye mtaa wa Lombard Street, nyumba moja ya fedha iliyoitwa Overend, Gurney ilifunga milango. Haikuwa nyumba ndogo. Ilikuwa ikikopesha benki nyingine, na jina lake liliheshimiwa London nzima. Tarehe 10 Mei ilisimamisha malipo ikiwa na madeni ya takriban pauni milioni 11. Kesho yake, Ijumaa, watu walijaa mtaani wakidai amana zao kwenye benki mbalimbali, na siku hiyo ikaitwa Ijumaa Nyeusi. Benki na makampuni kadhaa yalianguka.

Overend, Gurney nayo ilikuwa na jina kubwa na ofisi katika mtaa wa heshima. Hayo hayakuisaidia. Ilikuwa imekopesha vibaya kwa miaka, na anayepita nje hakuweza kuyaona hayo. Wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. National Provincial ilisalimika na ikaendelea zaidi ya miaka 100, mpaka ilipoungana na nyingine. Lakini haikusalimishwa na nguzo zake. Benki husalimika ikiwa na fedha ya kuwarudishia watu siku wanapoidai.

Sasa mnakumbuka nilichosema kuhusu nguzo zilizoegemea ukuta? Nguzo ni maneno. Ukuta ndio kazi.

SEHEMU YA TANO: KWETU WALIAMINIANA VIPI?

Msifikiri kwamba pwani yetu ilingoja Waingereza ili ijue mambo ya fedha. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa, na maneno yetu yanashuhudia. "Pesa" ni neno lililotoka Kihindi. Nendeni dukani hapa Broadway msikilize wenye maduka wakizungumza, mtalisikia binamu yake: paisa. "Hundi" nalo limetoka huko. "Hawala" ni Kiarabu: unampa mtu fedha Zanzibar, mwenzake anailipa Mumbai, bila sarafu kupanda jahazi. Watoto wa Southall, majirani zenu na babu zenu walikuwa wakiandikiana hundi zamani sana.

Pale Zanzibar alikuwepo tajiri aliyeitwa Tharia Topan, mwenye asili ya India. Alisimamia ushuru wa forodha wa Sultani, na alikopesha misafara iliyokwenda bara. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na ndani ya masimulizi hayo anamtaja Taria aliyemkopesha mali. Lazima tuliseme hili wazi mbele ya watoto wetu: utajiri huo ulitoka katika biashara iliyowabebesha watu mizigo na kuwauza wengine. Hakuna ukuta mzuri unaofuta hilo.

Tharia Topan hakuhitaji nguzo za Kigiriki ili aaminiwe. Watu walimjua yeye, jamaa zake, na neno lake. Katika nyumba za pwani heshima ya mwenye nyumba ilionekana mlangoni: mbao zilizochongwa na, kwenye milango mingi, misumari ya shaba. Nje palikuwa na baraza, na mengi yalizungumzwa hapo. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu mkubwa. Jengo halikujaribu kukufanya mdogo.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, jiwe la msingi la jengo jipya la Tharia Topan liliwekwa ukingoni mwa bandari. Alikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na likakamilika mwaka 1894. Hospitali kubwa haikuwa, ila baadaye ghorofa ya chini ilitumika kuwatibu watu na kuwapa dawa, ndiyo maana hadi leo linaitwa Zahanati ya Zamani. Mkienda Zanzibar likizo, litafuteni barabara ya Mizingani: roshani za mbao zilizochongwa kama nakshi za kofia, vioo vya rangi, na ua katikati. Lilichakaa sana, kisha likakarabatiwa miaka ya 1990. Mimi ni muuguzi, na kwangu jengo hilo lina nafasi ya pekee. Fedha za mkopeshaji ziliishia kuwa chumba cha dawa.

Benki za mtindo wa London zilifika baadaye. National Bank of India ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Makao yake makuu yalikuwa London, na kwa miaka mingi yalikuwa Bishopsgate, barabara ileile tuliyosimama na watoto. Baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilinunua sehemu kubwa ya biashara hiyo nchini mwaka 1970, na benki ikaitwa Kenya Commercial Bank. Wazazi wa Kenya mnaijua kama KCB.

SEHEMU YA SITA: BABA NA KANZU YA IJUMAA

Nilikulia Mombasa. Baba alikuwa akipakia magunia bandarini Kilindini. Kwa kawaida alikwenda kazini na kaptula iliyochanika. Lakini siku ya kwenda benki aliogea sabuni ya mche, akavaa kanzu ya Ijumaa na viatu alivyonunua kwa ajili ya harusi ya dada yake. Benki yenyewe sitaitaja, na si hiyo niliyoieleza juu. Ilikuwa na ngazi, nguzo na sakafu ya kung'aa.

Siku moja alinichukua. Nilikuwa na miaka 8. Tulisimama kwenye foleni muda mrefu. Tulipofika dirishani, karani alimsemesha baba kwa Kiingereza, ingawa dakika moja kabla nilimsikia akicheka na mwenzake kwa Kiswahili. Baba hakuelewa. Karani akamwonyesha mlango kwa kidole, akaita mtu wa nyuma yetu. Tulirudi nyumbani bila pesa. Njiani baba alisema jambo moja tu: "Pale, mwanangu, hata mlango unakuuliza wewe ni nani."

Nimelifikiria neno hilo miaka yote. Jengo lile liliposema "niamini", lilikuwa pia linasema "je, wewe unastahili kuingia?" Kuta zilezile zinazompa tajiri amani zinaweza kumtia maskini hofu. Kwa mtu aliyezoea kukaa barazani na mwenye mali wakinywa kahawa, ngazi zile zilikuwa ndefu.

Nilipokuja Uingereza mwaka 2003, nilikuwa binti wa baba yangu kabisa. Nilipangisha chumba hapa Southall na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kufungua akaunti nilitakiwa kuonyesha barua yenye anwani yangu, na mimi sikuwa na bili hata moja yenye jina langu. Nilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikatazama zile nguzo, nikageuka. Mshahara wangu wa kwanza ulipitia akaunti ya mtu niliyemwamini, na sehemu yake haikunifikia. Ilikuwa pesa ya dawa za mama.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Kipunjabi aliyeishi chini yangu. Alinipigia kelele kama mzazi: "Omba barua kwa mwajiri wako! Kisha uingie, ukae kitini, usiondoke!" Nilifanya hivyo. Nilikaa kitini. Ilichukua dakika 40.

Kwa hiyo, wanangu, nawafundisha kusoma majengo si kwa ajili ya mtihani. Nataka siku mtakapoingia benki, mahakama au chuo kikuu, mtazame juu, mseme, "Aa, hizi ni nguzo za Korintho, zimeegemea ukuta," kisha muende dirishani na shida yenu bila kuinama.

SEHEMU YA SABA: NGUZO ZA SIMU

Wazazi, sehemu hii ni yenu zaidi. Tangu mwaka 2015 maelfu ya matawi ya benki yamefungwa Uingereza. Binti yetu amesema kweli: benki iko kwenye simu ya mama. Lakini kazi ya zile nguzo haijaisha, imehamia kwenye kioo. Sasa jengo ni nembo, rangi, na sauti ya upole inayolijua jina lako. Nguzo za mawe zilihitaji mafundi na mamia ya tani. Nembo kwenye simu tapeli huinakili kwa dakika moja.

Mzazi mmoja wa shule yetu ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Alipigiwa simu na mtu aliyesema anatoka benki, akamwambia pesa zake ziko hatarini, azihamishe upesi kwenye "akaunti salama". Alihamisha pauni 900, akiba ya upasuaji wa macho ya mama yake nyumbani. Kwa wiki mbili hakumwambia hata mumewe, kwa aibu.

Shikeni haya. Benki ya kweli haikupigii simu kukwambia uhamishe pesa ili ziwe salama. Ukipigiwa, kata simu. Kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako, au piga 159, namba inayokuunganisha na benki nyingi za Uingereza. Ukishatapeliwa, iarifu benki yako mara moja. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za hapa zinatakiwa kwa kawaida kuwarudishia watu waliohadaiwa wakalipa, hadi pauni 85,000, ingawa hilo ni kwa malipo ya ndani ya Uingereza tu. Yule mzazi alipokuja kuniambia, tulipiga simu pamoja jikoni kwangu. Alirudishiwa. Kama angeendelea kuona aibu, angeikosa.

Mimi kazini navaa sare. Mgonjwa akiiona sare ananipa mkono wake nimchome sindano, ingawa hajawahi kuniona. Sare ni nguzo zangu. Lakini mgonjwa mwerevu husoma pia jina kwenye kitambulisho changu, na huniuliza, "Dawa hii ni ya nini?" Sijawahi kuudhika nikiulizwa. Anayestahili amana haogopi swali.

MANENO MAPYA

Tao: sehemu ya juu ya mlango au dirisha iliyopinda kama upinde.
Kuba: paa la mviringo kama nusu ya chungwa.
Boriti: mti unaobeba dari.
Roshani: sehemu ya nje ya ghorofa unapoweza kusimama.
Nakshi: mapambo yaliyochongwa au kushonwa.
Mkakasi: kikopo cha mti kilichopambwa vizuri.
Karani: mtu anayeandika na kutunza hesabu ofisini.

MASWALI

1. Kwa nini benki ya Bishopsgate haikuwahudumia wateja wa London kabla ya mwaka 1866?
2. Mwanga uliingia vipi ndani ya ukumbi, na ulikuwa na faida gani kwa makarani?
3. Taja maneno matatu ya ukoo wa "amini", kisha tunga sentensi kwa kila neno.
4. Eleza maana ya "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" kwa mfano wako mwenyewe.

KAZI YA NYUMBANI

Wadogo: Chora mlango wa nyumba yenu. Andika sentensi mbili: mlango huu unamwambia nini mgeni?

Wakubwa: Tembeeni Southall na mzazi. Tazameni ule mnara wa zamani wa maji uliojengwa kama ngome, au jengo la sinema ya zamani ya mwaka 1929 lenye paa la Kichina. Chagua moja. Andika aya moja: jengo linasema nini kwa nje, na ndani lilikuwa na kazi gani?

Wote: Muulizeni babu, bibi au mzazi: "Siku ya kwanza ulipoingia benki, ulivaa nini na ulijisikiaje?" Andikeni jibu kama alivyolisema, kwa maneno yake. Jumamosi ijayo tutasomeana. Mimi nitaanza na habari ya kanzu ya Ijumaa.

Kwaherini kwa sasa, na msisahau daftari.

Mwalimu wenu